Nyigu Waliosahau Kuuma: Kikosi cha Amavubi Kabla ya Safari ya 2027

Ijumaa jioni ya tarehe 10 Oktoba 2025 tulikuwa Nyakarenzo, wilayani Rusizi, kwa shughuli ya kikazi isiyohusiana na makala haya. Kazi ilipokwisha, giza likiwa linaanza kushuka juu ya migomba na mibuni ya vilima vile, tuliombwa tusiondoke kabla ya mpira. Tulipelekwa kwenye duka moja la kando ya barabara ambalo mwenyewe ameweka runinga juu ya rafu ya sabuni, na viti vikiwa vimejaa tukapewa kreti la soda tulikalie. Palikuwa na sajini mstaafu mwenye mvi, palikuwa na koplo wa polisi aliyekuwa akisubiri saa ya zamu yake ya usiku, na palikuwa na vijana wengi ambao tangu wazaliwe hawajapata kuiona Rwanda katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Wasomaji wetu walio wengi wanayajua yaliyotokea. Amavubi walikuwa nyumbani, katika Uwanja wa Amahoro, wakipambana na Benin kugombea tikiti ya Kombe la Dunia la 2026. Walikimbia, walipigana, walifika mara kadhaa karibu na lango la wageni, wala hawakupata kitu. Kisha, mchezo ukiwa unaelekea ukingoni, Tosin Aiyegun akaifungia Benin bao pekee la siku ile. Pale dukani hapakuwa na kelele wala matusi. Koplo alisimama, akavaa kofia yake vizuri, akatugeukia na kusema: "Afande, mimi naenda zamu. Huko angalau najua ninachokingojea."

Siku nne baadaye, huko Mbombela, Afrika Kusini walituchapa mabao 3 kwa 0 na kujikatia tikiti ya Kombe la Dunia mbele ya macho yetu. Maneno ya koplo yule yalirudi masikioni mwetu, na tangu hapo tumekuwa tukijiuliza swali ambalo kila kambi na kila kituo cha polisi kinajiuliza: timu hii tuliyo nayo inangoja nini, na wachezaji wake wanatosha kwa lipi? Mbele yetu kuna fainali za Afrika za mwaka 2027, ambazo zilikabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda. Fainali hizo zikipita jirani bila sisi, itakuwa aibu ya kukaa ukutani ukisikiliza ngoma ya harusi usiyoalikwa.

Tuanze na hesabu, maana askari huanza na kuhesabu watu wake na risasi zake kabla ya kusema lolote kuhusu ushindi.

Tangu Novemba 2023 hadi Oktoba 2025 Amavubi walicheza mechi 16 za kufuzu katika mashindano mawili makubwa: mechi 10 za Kombe la Dunia na mechi 6 za Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025. Walishinda 5, wakatoka sare 4, wakashindwa 7. Walifunga mabao 10 na kufungwa 16. Katika kundi la Kombe la Dunia walipata pointi 11 na kushika nafasi ya tano kati ya timu sita, nyuma ya Afrika Kusini, Nigeria, Benin na hata Lesotho, wakiitangulia Zimbabwe peke yake.

Ukizitazama kwa haraka, takwimu hizi ni za timu dhaifu. Ukizitazama kwa utulivu, zinasema jambo jingine. Katika mechi 5 kati ya hizo 16 lango letu halikuguswa kabisa. Katika mechi 8 tulifungwa bao moja tu. Ni mara 3 tu tulizofungwa zaidi ya bao moja: na Benin kule Abidjan, na Nigeria pale Kigali, na Afrika Kusini kule Mbombela. Ngome inayofungwa namna hiyo, dhidi ya akina Osimhen na wenzake, haistahili kulaumiwa. Lakini katika mechi 9 kati ya 16 Amavubi hawakupata hata bao moja. Hapo ndipo penye donda. Kwa Kiswahili amavubi ni nyigu, na sifa ya nyigu haikuwa kamwe kujificha vizuri ndani ya kiota.

Tumewataja wafungaji wa mabao hayo 10 mbele ya yule sajini mstaafu, naye akawahesabu kwa vidole vya mikono miwili bila shida yoyote. Innocent Nshuti alifunga 4. Gilbert Mugisha alifunga 2, Jojea Kwizera 2, nahodha Djihad Bizimana 1 kwa mkwaju wa penalti, na beki Ange Mutsinzi 1. Basi. Ndiyo orodha nzima ya miaka miwili.

Sasa tuwapitie wachezaji wenyewe, tukianzia nyuma.

Langoni yumo Fiacre Ntwari. Mlinda lango huyu alitoka katika ligi yetu akaenda Afrika Kusini, kwanza TS Galaxy mwaka 2023, kisha Kaizer Chiefs mwaka 2024. Sare ya 0 kwa 0 tuliyoipata kwa Nigeria hapa Kigali tarehe 10 Septemba 2024 ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mikono yake. Hata hivyo kule Kaizer Chiefs alianza kwa kuaminiwa, kisha akapoteza nafasi na kuonja benchi. Mlinda lango asiyecheza wiki hadi wiki ni kama mlenga shabaha ambaye hupewa bunduki siku ya mashindano tu: jicho lipo, lakini kidole kimesahau. Na nyuma yake yuko nani? Hili ni swali ambalo hatukulipenda lakini hatuwezi kulikwepa, nasi tutalirudia chini kidogo, kwa kuwa jibu lake linatugusa sisi wenyewe tuvaao sare.

Mabeki wa kati ndio utajiri wetu. Mutsinzi amepita Ureno na Norwei kabla ya kuhamia Zira ya Azerbaijan, na kila alikokwenda amecheza. Thierry Manzi alikwenda Moroko, akarudi nyumbani, kisha akaenda Al Ahli ya Tripoli. Wawili hawa wanajuana kama walinzi wa lindo moja; mmoja akipanda, mwingine hushuka bila kuitwa. Mwaka 2025 aliongezwa Phanuel Kavita, beki wa kimo anayechezea Marekani. Pembeni tuna Fitina Omborenga upande wa kulia, na kushoto tuna Emmanuel Imanishimwe, ambaye washabiki humwita Mangwende, pamoja na Claude Niyomugabo wa APR. Hatuoni sababu ya kuivunja safu hii. Tunaona sababu ya kuitafutia warithi, maana miguu ya pembeni ndiyo huchakaa mapema, na kwa upande wa kulia hasa hatujaona kijana aliyemfanya Omborenga apoteze usingizi.

Katikati anasimama Bizimana. Nahodha huyu amecheza Ubelgiji, akacheza Ukraine wakati nchi ile ikiwa vitani, kisha mwaka 2025 akajiunga na Manzi huko Tripoli. Si mchezaji wa madoido. Ni mtu wa kuziba mapengo, wa kupiga kelele, wa kubeba lawama. Pembeni yake Bonheur Mugisha, aliyejijenga Tunisia kabla ya kwenda Misri, amekuwa nguzo ya kutegemewa. Ulinzi wa kati, kwa hiyo, upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuutoa mpira kwa walinzi na kuufikisha kwa washambuliaji ukiwa bado na maana. Hakim Sahabo, mzaliwa wa Ubelgiji wa mwaka 2005, ana mguu wa kushoto unaoweza kufanya kazi hiyo. Tumemwona akipiga pasi moja iliyoamsha uwanja mzima, kisha tukamwona akipotea kwa nusu saa. Kevin Muhire anajua mpira, lakini mwendo wa mechi kubwa humwacha kidogo nyuma. Samuel Gueulette ana nidhamu ya Ubelgiji na pumzi, ila hajawa mpishi wa mabao.

Mbele tuna Nshuti. Maneno mengi yamesemwa juu ya kijana huyu, mengine ya kejeli, kwa sababu hukosa nafasi ambazo mtazamaji aliyekaa kwenye kreti la soda anaamini angezifunga yeye. Lakini nani aliyewafunga Afrika Kusini kule Huye? Nani aliyesawazisha na Benin mwezi Oktoba 2024? Nani aliyefunga bao la ushindi huko Uyo, tarehe 18 Novemba 2024, siku tulipowapiga Nigeria 2 kwa 1 nyumbani kwao? Ni Nshuti. Amezunguka kutoka APR hadi Knoxville huko Marekani, kutoka Marekani hadi Azerbaijan, na kila kituo kipya ni lugha mpya na kocha mpya. Sisi hatumkatii tamaa. Tunasema tu kwamba taifa zima haliwezi kutegemea mshambuliaji mmoja, na mshambuliaji mmoja hawezi kulala vizuri akijua kwamba taifa zima linamtegemea yeye.

Gilbert Mugisha ana mbio. Bao lake dhidi ya Zimbabwe, mwezi Septemba 2025, katika mechi iliyochezwa Johannesburg, ndilo lililotupa ushindi wetu wa mwisho katika kundi lile. Kwizera wa Rhode Island ana ujasiri wa kumkabili beki ana kwa ana, jambo adimu kwetu. Wote wawili ni wa pembeni. Wote wawili huleta mpira ndani na kukuta mtu mmoja amezungukwa na wanne.

Hapo sajini wetu alinyanyua mkono kama aliye darasani. "Afande," alisema, "hayo yote ni kweli. Lakini mbona watu hawa hawa walituletea pointi wakati wa yule Mjerumani?"

Ni swali la haki, na hesabu zinamuunga mkono. Torsten Spittler aliiongoza timu katika mechi 10 kati ya hizo 16, kuanzia Novemba 2023 hadi Novemba 2024, akapata pointi 15. Adel Amrouche, aliyechukua hatamu Machi 2025, aliiongoza katika mechi 6 zilizobaki, akapata pointi 4 kati ya 18, na mabao 2 tu. Si kwamba Amrouche ni mgeni wa ukanda huu au kwamba hajui kazi. Ndiye aliyeipa Kenya kombe la CECAFA mwaka 2013, na ndiye aliyekuwa usukani Tanzania ilipofuzu fainali za Afrika mwaka 2023. Lakini Spittler alikuja na shauri dogo lililoeleweka na kila mchezaji: tukae nyuma kwa pamoja, tusiaibike, kisha tukimbie mara tatu au nne kwa mchezo. Shauri hilo lilifaa kikosi tulichokuwa nacho. Kujaribu kumiliki mpira bila mtu wa kuupika ni kuwaacha mabeki wakipeana pasi mpaka mashabiki wanakwenda kununua karanga.

Tena yako mambo mawili ambayo huzungumzwa kidogo. La kwanza ni uwanja wa nyumbani. Katika mechi 10 za Kombe la Dunia tulipata pointi 6 ugenini na pointi 5 nyumbani. Amahoro iliyojengwa upya, yenye viti 45,000, ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2024 na ni fahari ya nchi. Hata hivyo, katika mechi sita za mashindano hayo mawili zilizochezwa humo, Amavubi walishinda moja tu, ile ya Benin, wakatoka sare mbili na kupoteza tatu. Timu iliyozoea kuvizia hupata taabu inapolazimishwa na umati kushambulia. Umati wa watu elfu arobaini na tano hauwezi kuambiwa usubiri shambulio la kushtukiza.

La pili ni uchungu wa Novemba 2024, ambao mpaka leo tukiukumbuka hatuli vizuri. Katika kundi la kufuzu fainali za Moroko tulimaliza na pointi 8 sawasawa na Benin, nao wakapita kwa matokeo ya mechi zetu mbili: wao walitufunga 3 kwa 0, sisi tukawafunga 2 kwa 1. Siku ile tulipowashinda Nigeria kule Uyo, Libya na Benin walikuwa wakicheza Tripoli na wakatoka 0 kwa 0. Bao moja la Libya lingetupeleka Moroko. Lakini wa kulaumiwa si Libya. Siku nne kabla yake Libya hao hao walikuja Amahoro na kutufunga 1 kwa 0 katika dakika za mwisho. Sare peke yake siku ile ingetufikisha pointi 9. Msomaji atatusamehe tukisema kwamba tiketi ya Moroko haikupotelea Tripoli; tuliiangusha wenyewe mlangoni kwetu.

Kwa vijana wa pale Nyakarenzo ilibidi tueleze kwamba haikuwa hivi siku zote. Mwezi Julai 2003 Jimmy Gatete aliifunga Ghana hapa Kigali bao lililotupeleka Tunisia, mwezi mmoja baada ya kuifunga Uganda kule Kampala. Katika fainali za 2004, chini ya Ratomir Dujković, tulipoteza kwa wenyeji 2 kwa 1, tukatoka 1 kwa 1 na Guinea, tukaishinda Kongo ya Kinshasa 1 kwa 0. Mara hiyo moja tu. Mwaka 2014 tulipata nafasi ya kusonga mbele kwa kuitoa Kongo ya Brazzaville kwa penalti, nasi tukaondolewa mezani kwa sababu mchezaji wetu mmoja alikuwa na majina mawili na tarehe mbili za kuzaliwa. Mwezi Machi 2015 tulifika nafasi ya 64 katika orodha ya FIFA, nafasi ya juu kuliko zote tulizopata. Siku hizi twahesabiwa nje ya timu 120 za kwanza. Na asije mtu akadhani kwamba makosa ya karatasi ni yetu peke yetu: katika kundi letu hili Afrika Kusini walipokonywa ushindi wao juu ya Lesotho kwa kumchezesha mtu aliyepaswa kuwa akitumikia adhabu ya kadi. Meneja wa timu asiyejua kuhesabu kadi ni hatari kuliko beki mbovu.

Sasa turudi kwenye lile swali la mlinda lango, na pamoja nalo swali la mshambuliaji.

Klabu za vyombo vya ulinzi na usalama ndizo mhimili wa kandanda la nchi hii. APR, timu ya jeshi, ilitwaa ubingwa wa ligi mara sita mfululizo, kuanzia msimu wa 2019/20 hadi 2024/25. Police ilinyakua Kombe la Amani mwaka 2024. Marines ya Rubavu nayo ni ya jeshi. Kuanzia mwaka 2012 APR ilijiwekea kanuni ya kuchezesha Wanyarwanda watupu, nayo ikaishika kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka 2023 kanuni hiyo ilifunguliwa, na mtu wa kwanza kukaa langoni chini ya utaratibu mpya alikuwa Pavelh Ndzila kutoka Kongo ya Brazzaville, na wa kwanza kupewa kazi ya kufunga mabao alikuwa Victor Mbaoma kutoka Nigeria. Mwaka 2024 Rayon Sports nao wakamweka langoni Msenegali, Khadime Ndiaye. Kwa hiyo katika msimu wa 2024/25 malango ya klabu zetu mbili kubwa kuliko zote yalilindwa na wageni, wakati Ntwari akiwa benchi Johannesburg. Kocha wa taifa angemtafuta wapi mlinda lango wa pili aliyezoea uwanja uliojaa?

Sisi ni maofisa wa jeshi na APR ni mapenzi yetu; hatutaki kueleweka vibaya. Klabu ina haki ya kutafuta ushindi katika Afrika, na ule ushindi juu ya Azam ya Dar es Salaam mwaka 2024, tulipofungwa 1 kwa 0 ugenini na kurudisha 2 kwa 0 nyumbani, tuliushangilia mpaka sauti ikakauka. Aidha ni lazima tuseme ukweli kwamba katika ile miaka kumi na mmoja ya Wanyarwanda watupu Amavubi hawakufuzu fainali za Afrika hata mara moja, na walichoambulia ni robo fainali za mashindano ya wachezaji wa ndani. Kanuni ile, kwa hiyo, haikuwa dawa. Tunachosema ni kidogo zaidi na, kwa maoni yetu, kinawezekana: wageni wapewe nafasi za katikati ya uwanja, ambako vijana wetu watajifunza kando yao, lakini lango na kiti cha mshambuliaji wa kati, walau katika klabu moja ya vyombo vyetu, viachiwe kijana wa hapa kwa msimu mzima, akosee, asahihishwe, akosee tena. Hakuna ofisa aliyehitimu chuo cha makadeti kwa kumtazama mwingine akitoa amri. Wapo watakaotupinga kwenye mesi kwa maneno haya, nasi tuko tayari.

Koplo, aliporudi asubuhi kutoka zamu, alitukuta tukinywa chai na hakukubaliana nasi. Yeye ni mtu wa Police, na kwa maoni yake tatizo si Kigali. Tatizo ni kwamba mtoto wa Rusizi hana ngazi ya kupandia. Espoir, timu ya huku, iliyocheza fainali ya Kombe la Amani mwaka 2017 na kufungwa na APR bao 1 kwa 0, ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23 pamoja na Rwamagana City. "Ilipokuwa daraja la kwanza," alisema, "Rayon walikuja Kamembe, APR walikuja Kamembe, na makocha wao wakaona watoto wetu. Sasa nani atavuka msitu wa Nyungwe kuja kutazama daraja la pili?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Kutoka Nyakarenzo hadi Uwanja wa Kamarampaka ni mwendo mfupi. Kutoka Kamarampaka hadi Kigali ni safari ya nusu siku, na kwa kijana asiye na mtu wa kumtaja ni mbali zaidi ya hapo. Tumeona kikosi cha taifa kikijazwa kwa barua za kuwatafuta vijana walioko Ubelgiji na Marekani, na hatulipingi jambo hilo, maana Kwizera na Sahabo ni watoto wetu kama wengine. Lakini gharama ya tiketi moja ya ndege kutoka ng'ambo ingemleta mtazamaji wa vipaji huku Rusizi, Nyamasheke na Karongi kwa wiki kadhaa, akilala kwenye nyumba za wageni za kawaida na kula ndizi na sambaza kama sisi.

Tunawapa nafasi gani, basi, katika safari ya 2027? Msomaji anayetaka tutabiri tutamwambia hivi. Kwa mabeki tulio nao, na kwa Bizimana na Mugisha mbele yao, Amavubi hawatakuwa timu ya kupigwa ovyo na yeyote. Wakirudia mchezo wa 2024, wa subira na mbio, wanaweza kuchukua pointi kwa timu kubwa kama walivyozichukua Huye na Uyo. Wasipopata mfungaji wa pili watatoka tena sare na kina Lesotho, na kundi litaamuliwa na mechi ambazo karatasini huonekana rahisi. Tunaiona timu ikiwa ya pili au ya tatu katika kundi lolote la wastani. Kati ya nafasi hizo mbili kuna bao moja, kama lile la Libya. Kwa kocha, awe nani, ombi letu ni moja: asije na shauri jipya kila mwezi Machi.

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye uwanja wa shule ulio kwenye mteremko, ambako mpira ukitoka upande wa chini hufuatwa na watoto watatu kwa mbio mpaka mashambani. Jumamosi asubuhi vijana walikuwa wakicheza, wengine na viatu, wengine bila. Langoni, kati ya miti miwili ya mkaratusi, alisimama mvulana mrefu wa miaka kama kumi na mitano, mikono mirefu, sauti kubwa, akiwapanga mabeki wake kama sajini. Aliokoa mashuti mawili tuliyodhani yamekwisha ingia. Koplo alituambia kwamba kijana yule ni wa jirani yake, na kwamba hajapata kutazamwa na mtu yeyote wa klabu yoyote. Tukaliandika jina lake katika daftari letu la kazi, ukurasa wa mwisho, nyuma ya hesabu za mafuta ya gari, na Jumatatu tulipofika Kigali tulilipeleka pale tulipoona panafaa.